Bomba Letu na Mfereji wa Watu

Ninyi vijana mtakaoishika karatasi hii, wajukuu zangu na watoto wa wale waliokuja huku pamoja na baba zenu, kaeni vizuri msome. Simu wekeni pembeni. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Na mtu asiniambie kwamba Kiswahili kinamshinda, maana makande hayajawahi kumshinda.

Wakubwa kati yenu mnakumbuka ile safari ya kwenda Upare tukaingia kwenye tope mpaka kiunoni. Mlilia sana. Sababu hamkuambiwa. Nawaambia sasa, na itabidi nianzie mbali, kwenye mji mdogo wa milimani huko Uswisi ambao mimi sijaukanyaga.

Nilifika Katy, mji huu wa pembeni mwa Houston, Texas, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwanangu aliponiita nimsaidie kulea. Yeye alikuwa anaondoka na gari watoto hawajaamka, anaishika barabara kuu mpaka Houston mjini, anarudi wameshakula. Mkwe wangu ni nesi, zamu zake hata mwenyewe hazielewi. Nikaachiwa nyumba kubwa mpya, watoto, na nyasi. Nyasi zilinitesa kuliko watoto. Alfajiri pua za maji zinachomoza zenyewe ardhini kama fuko, zinarusha maji kulia na kushoto, juu ya majani ambayo hayana ng'ombe wa kuyala. Mengine yanaangukia lami, yanateremka mpaka mtaroni. Sisi tuliozaliwa milimani, maji kuyaona yanakwenda hovyo ni kama kuona mtoto anacheza barabarani. Huwezi kukaa.

Basi siku moja nikatoka na ndoo, nikaitega kwenye pua moja iliyopinda ikawa inamwagia lami. Nikamwita mjukuu wangu wa kike.

"Njoo ushike hapa! Maji ya watu yanamwagika na wewe unacheka!"

"Bibi, pliz, watu wanaangalia."

"Waangalie. Wakimaliza waje wasaidie."

Ng'ambo ya uzio sauti ikasema, "Hodi, mama. Ndoo yako tafadhali imejaa."

Nikageuka. Bibi wa Kizungu, umri kama wangu au zaidi, kofia ya ukindu kichwani na mkasi wa maua mkononi. Nikamwuliza Kiswahili hicho amekiokota wapi. Akasema alikuwa nesi wa hospitali ya misheni huko Ulanga tangu ujana wake mpaka mvi, na sasa anakaa na binti yake, ambaye mumewe anafanya kazi ya mafuta. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha misheni. "Tafadhali" alimwambia hata paka.

Tangu siku hiyo tukawa tunakaa pamoja kibarazani kwake, tukichambua maharage yangu au kumenya viazi vyake. Kilichotuunganisha si Kiswahili peke yake. Katy ni tambarare kama sinia. Sote wawili tulikuwa tumezoea nchi ambayo ukitaka kumwona jirani unainua kichwa au unakiinamisha. Alikuwa akionyesha lile daraja refu la barabara kuu, magari yanavyopanda na kushuka, anasema, "Mama, tazama, mlima wetu huo." Tunacheka kama wasichana.

Ndipo akaanza kunieleza kwao, huko Uswisi. Alisisitiza kuwa si kijiji. Ni mji kamili, una baraza lake, muhuri wake na ugomvi wake, ingawa watu wake wote wangeenea kanisani na nafasi ikabaki. Nyumba ni za magogo, jua limezikausha zikawa nyeusi kama chungu. Ghala za nafaka wamezisimamisha juu ya miguu ya mti, na kati ya mguu na ghala wameweka jiwe la duara, bapa kama sahani, panya akipanda anafika pale na kurudi. Nilimwambia panya wa kwetu angeruka. Akasema wa kwao wanene. Mkate waliuoka kwa zamu katika tanuru moja la mji mzima, mara chache kwa mwaka, ukawa mgumu mpaka unakatwa kwa shoka. Juu ya mji upo msitu ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kukata hata fito, kwa sababu miti hiyo ndiyo inayozuia theluji isiuangukie mji. Mashamba yamening'inia mlimani, na kila mwaka udongo ulioteremka na mvua huchotwa chini na kubebwa tena juu kwa vikapu mgongoni.

"Na wanaobeba ni wanaume?" nikamwuliza.

"Mama, wewe unafikiri nani?"

"Basi ni kama kwetu."

Lakini jambo lao kubwa kuliko yote lilikuwa mfereji. Nchi yao kavu. Barafu inaonekana juu ya milima, mvua haifiki. Mababu zao wakachukua maji yanayoyeyuka kutoka kwenye barafu wakayapitisha ubavuni mwa mwamba, kwenye mabomba ya mbao yaliyo wazi juu, yamening'inizwa kwenye jabali ambalo hata mbuzi angefikiri kwanza. Wanaume walifungwa kamba wakashushwa kupigilia zile mbao. Wengine hawakupanda tena. Kwenye mfereji waliweka gurudumu dogo la maji linaloinua nyundo ya mti, nyundo inagonga ubao, ko, ko, ko, usiku na mchana. Mlinzi wa mfereji analala kibandani mwake, na nyundo ikinyamaza tu anaamka, anajua huko juu pamevunjika. Alisema wao watoto walilala vizuri kwa mlio huo. Ukikatika, mji mzima uliamka.

Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji, na kijiti chake kilichochongwa alama ya ukoo. Vijiti vyote vilitungwa pamoja kwenye kamba. Kijiti chako kikiwepo, wewe ni mwenyeji. Na kila mwaka, theluji ikianza kuisha, kengele inapigwa, na kila nyumba inatoa mtu akausafishe mfereji. Hakimu anatoka, padri anatoka. Waliokwenda kufanya kazi viwandani huko bondeni walirudi kwa treni siku hiyo.

Nilimsikiliza mikono imesimama kwenye maharage. Nikamwambia, dada, hiyo ni habari ya kwetu umeibadilisha nguo. Nikamweleza ndiva, lile bwawa tunalolijaza maji ya chemchemi usiku na kulifungua asubuhi, maji yakaingia mifereji, kila nyumba kwa zamu yake mpaka ya mwisho bondeni. Nikamweleza msaragambo, baragumu linavyolia na kila nyumba inavyotoka na jembe kwenda kuzoa tope. Nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba kwetu hata mgonjwa hutuma mwanawe. Alifurahi sana. Aliuliza maswali ya mtu anayejua: nani anafungua, zamu ikigongana na msiba inakuwaje.

Basi na mimi nikataka kumaliza kwa ushindi. Nikasema, "Ila sisi nyumba yetu tumeshaendelea. Mwanangu na Wapare wenzake wa Dallas walituma vifaa, wakavuta bomba kutoka chemchemi mpaka jikoni kwangu. Nafungua tu."

Akauliza, "Limetoka juu ya ndiva, au chini yake?"

"Juu. Maji safi kabisa."

"Na zamu yenu?"

"Zamu ya nini tena? Maji ni yetu saa zote."

Akachukua kiazi, akakimenya mpaka kikabaki kidogo kama gololi. Halafu akauliza habari za mjukuu wangu na meno yake. Nilikwenda nyumbani nikimwonea huruma. Nikasema moyoni, maskini, kwao wamechelewa, ameona wivu.

Haikupita muda shemeji yangu akaja Marekani, mdogo wa marehemu mume wangu. Binti yake alikuwa anamaliza chuo huko Fort Worth. Baada ya sherehe akamleta kwa gari mpaka Katy, aje anisalimu. Nikapika makande, nikamwalika na yule bibi jirani, maana nilitaka amwone mtu wa mlimani kwetu aliyetoka huko juzi. Nilimwalika ili nijivune, ndivyo ilivyokuwa.

Shemeji akaingia, akanitazama juu mpaka chini.

"Shemeji umenenepa. Hizi nyasi za Texas zinakufaa."

"Kaa ule. Umetuletea nini?"

"Tangawizi. Na salamu, ila salamu si nyingi."

"Kwa nini si nyingi?"

"Wanaowasalimu wamepungua."

Nilidhani anatania. Shemeji huyu hata msibani hutania. Mwanangu alikuwa amekaa, na mkwe wangu, na jirani yule na sahani yake magotini. Shemeji akaendelea kula, akasema bila kuinua macho, "Lile bomba lenu, katika ukame huu, limeinyonya chemchemi. Ndiva haijai. Kijana mliyemwachia nyumba anamwagilia tangawizi yake mchana kutwa, anapakia gunia kwenda Same. Mjane wa chini yenu, zamu yake ikifika anapata matope ya kusiliba ukuta."

"Sisi hatukumtuma alime," mwanangu akasema.

"Hamkumtuma. Mlimpa maji tu." Akameza. "Na baragumu likilia, nyumba yenu haitoki mtu. Mwaka wa kwanza tulisema, wako Marekani. Mwaka wa pili tukasema, bado wako Marekani. Sasa watoto wakilisikia baragumu wanaimba, wako Marekani."

"Baba mdogo, mimi niliwapigia simu. Niliwaambia wachukue kibarua, nitamlipa mimi. Tena sisi maji ya ndiva hatuyatumii, tungetokea kwa ajili ya nini?"

"Kibarua alikuja. Tukamwuliza, wewe ni wa nyumba gani? Akasema, mimi ni wa kutwa. Tukamrudisha."

Angesema hayo mahali pengine ningecheka mpaka machozi. Hakuna aliyecheka.

Shemeji akaweka kijiko. Akasema wazee wa ndiva wameshakaa. Usafishaji wa mwaka huu, kabla ya vuli, nyumba ambayo haitatokea itatolewa kwenye zamu. Na ikishatolewa kwenye zamu, imetolewa. Wakiwa na arusi, hatuitwi. Tukiwa na msiba, hawaji.

"Wewe shemeji," akaniambia, na sasa sauti yake haikuwa na utani, "umetuambia sote kwamba ukifa urudishwe ulale pembeni ya kaka. Sawa. Nani atachimba? Utazikwa na bomba?"

Vijana, mimi nimepata kusemwa maishani. Nimesemwa na mama mkwe, nimesemwa na tajiri wa mashamba ya mkonge nikiwa na mtoto mgongoni. Siku ile ilikuwa tofauti. Maji ya bomba lile niliyanywa mimi. Nilioga kwayo. Nilipokuwa nyumbani na baragumu likalia niliwahi kusema, leo nina maji yangu, acha waende. Na mbele yangu amekaa mwanamke ambaye nimemwambia kwa kinywa changu kuwa kwetu hata mgonjwa hutuma mwanawe. Ameelewa kila neno. Laiti angekuwa Mzungu wa kawaida asiyejua Kiswahili! Nikainuka kwenda jikoni kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Kesho yake sikutoka. Nilimwona kupitia pazia amekaa kibarazani, kiti changu kiko wazi. Siku iliyofuata akaja mwenyewe kugonga mlango, na bakuli la viazi vilivyomenywa.

"Mama, tafadhali nifungulie. Sikuja kukucheka."

Akaketi jikoni kwangu. Akasema, "Uliponiambia bomba liko juu ya ndiva, ningekuambia siku ileile. Niliona aibu. Yangu, si yako."

Akanieleza habari ya baba yake. Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kikali, na baba yake alikuwa na shamba la majani ya ng'ombe lililoanza kuungua. Zamu ilikuwa ya jirani. Baba yake akaenda, akauinua ule ubao unaozuia maji, akayaelekeza kwake. Majani yakapona. Watu walijua, kwa kuwa mji ule haukuwa na siri ya maji. Hakuna aliyemtukana wala kumshtaki.

"Hapo ndipo mnapotofautiana na Wapare," nikamwambia. "Sisi tungeuza ng'ombe watano tushinde kesi ya kuku."

"Heri kesi, mama. Kesi inaisha."

Akasema kengele ilipolia siku ya kazi, baba yake alikwenda na koleo lake kama wengine. Walimpisha vizuri. Wanaume walikuwa wamepanga mstari wa kupokezana mawe kutoka mkono hadi mkono, na yeye akaingia mahali pake. Jiwe likija, mtu wa kushoto kwake analipitisha mbele ya tumbo lake mpaka kwa mtu wa kulia. Halimgusi. Mawe yote siku ile yalimpita hivyo. Bibi yule wakati huo alikuwa mtoto, amepeleka chakula, ameona. Jioni baba yake hakula. Mwaka haukuisha wakateremka bondeni, baba akaingia kiwandani.

"Hakurudi kuomba radhi?"

"Alituma vitu. Alituma kengele kubwa ya ng'ombe, nzuri, imeandikwa jina la mji. Waliipokea, wakaitundika kwenye ofisi ya baraza. Ipo mpaka leo. Kijiti chetu kwenye kamba hakikurudi." Akaendelea: "Walikuwa wanangoja alete mgongo wake. Mwaka mmoja zaidi asimame pale, mawe yampite, na mwaka wa pili, mpaka mtu mmoja achoke kumkwepa. Hakuweza. Alituma kengele."

Nikamwuliza kama mfereji bado upo. Akasema sasa maji yanapita ndani ya mlima kwenye bomba la chuma la mji mzima, na zile mbao wanaonyeshwa watalii. Lakini kengele bado inalia na kila nyumba bado inatoka. Halafu akasema neno ambalo silisahau: "Huko Ulanga watu waliniita mtakatifu, kwamba nimeacha kwetu kwa ajili ya Mungu. Mimi niliondoka kwa aibu, mama. Nilikuwa mbali sana kwa sababu karibu nisingeweza kuwatazama."

Nilimtilia chai. Nilikuwa nafikiria mawe yakipita mbele ya tumbo la mwanangu.

Jumapili nikawakusanya wote sebuleni, hata yule mdogo aliyekuwa anataka katuni. Mwanangu alikuwa ameshajiandaa. Siku zote huwa na mpango huyu.

"Mama, nimepata njia. Nitawajengea tangi. La zege, la kijiji kizima. Nimeshaongea na wenzangu wa Dallas na Euless, watachangia. Tutaandika jina la mzee pale juu."

"Jina la nani?"

"La baba."

"Baba yako alisafisha ndiva mpaka mgongo ukapinda, na jina lake halikuandikwa popote. Unataka kutuma kengele."

Hakuelewa kengele ni nini. Akasema, "Mama, mimi nilifanya kwa ajili yako. Ulikuwa unapanda mlima na ndoo kichwani. Nilikuwa huku, sina la kufanya. Nikafanya hilo."

Ni kweli. Nilimtazama, mtu mzima na kitambi chake cha Texas, nikamwona alivyokuwa mdogo akinifuata kisimani na kopo lake. Nilitaka kumwambia ahsante. Sikumwambia, na pengine hilo nalo linanichoma. Kama ningemwambia siku ile angejenga tangi.

Mkwe wangu akauliza kwa upole kama hawezi kwenda baba peke yake, kwa sababu ya shule ya watoto na zamu zake hospitali. Mjukuu wa kike akasema yeye tope hashiki. Mdogo akauliza kama kuna nyoka. Nikawaacha waseme mpaka wakamaliza. Kisha nikasimama, nikawaambia:

"Mtakwenda wote, na mimi mbele, kabla ya vuli. Baragumu likilia mtatoka na majembe, mtaingia ndivani na kuzoa tope mbele za watu. Mtu asipowajibu salamu, msalimuni tena. Akiwapita na karai, nyosheni mikono mngoje. Mkimaliza, baba yenu atalifukua bomba kwa mikono yake kuanzia chemchemi mpaka jikoni kwangu, na ninyi mtambebea vipande. Zawadi msichukue, hata pipi. Na hizi pua za maji hapo nje zifungwe leo. Nyasi zikifa, zife. Wale wa chama cha wenye nyumba, wanaotoza faini kwa nyasi zilizokauka, wakija kuuliza, msijibu lolote, niiteni mimi."